Chupa mbili za nzi: je, baridi huchelewesha uzee?

Swali

"Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule moja ya sekondari upande wa Kangemi. Muhula huu, katika baridi ya Juni na Julai, wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu waliwafuga wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu. Chupa moja ya jamu tuliiweka nyuma ya friji ya jikoni, ambapo kipimajoto kilionyesha nyuzi 27 au 28, na nyingine tukaiacha kwenye sakafu ya stoo, nyuzi 17 hivi. Kila siku tatu tuliwahamisha nzi wazee kwenye chupa safi ili wasichanganyike na watoto wao. Wa jikoni waliisha wote baada ya wiki sita, huku chupa walizotoka zikijaa nzi wapya. Wa stoo wengi wangali hai hata sasa, wiki ya tisa, ingawa chupa zao zilikaa kimya muda mrefu. Mwanafunzi mmoja alihitimisha kwamba baridi inawafaa wanyama wa damu baridi na joto linawadhuru. Mwenzake akampinga: kobe wa nyika yenye jua kali huishi kuliko sisi sote. Nimeshindwa kuamua kati yao. Je, ni kweli joto huwazeesha wanyama hawa? Na kama ni kweli, mbona mijusi huota jua kila asubuhi?"

Jibu

Mwalimu, wanafunzi wako wamepishana kwa sababu kila mmoja ameshika kipimo chake. Wa kwanza amehesabu siku za nzi mmoja mmoja. Wa pili amemleta mnyama wa ukoo mwingine kabisa na kumsimamisha kando ya nzi. Nianze na jibu fupi: ndiyo, kwa wanyama wengi ambao joto la mwili wao hufuata joto la mahali walipo, maisha hufupika kadiri mahali hapo panavyozidi kuwa na joto, na nzi wenu wamelionyesha jambo hilo vizuri. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba baridi inawafaa pana safari ndefu, kwa kuwa urefu wa maisha ni kitu kimoja na ufaafu ni kingine. Ufaafu, kama wanabiolojia wanavyolitumia neno hilo, ni uwezo wa kiumbe kuacha uzao ambao nao utaishi na kuzaa. Kwa kipimo hicho, chupa yenu ya jikoni imeishinda ile ya stoo kwa mbali, na ushahidi umeutaja mwenyewe kwa kupita tu: zile chupa zilizoachwa nyuma, moja imejaa na nyingine iko kimya.

Kwanza niliondoe neno moja njiani. "Damu baridi" ni jina tulilolizoea, nami sitarajii kulifuta vitabuni, ila linapotosha. Mjusi aliyelala juu ya jiwe kule Magadi saa saba mchana anaweza kuwa na damu yenye joto sawa na letu la nyuzi 37, au hata kulipita kidogo. Tofauti yake na sisi ni kwamba sisi huchoma chakula kingi ili mwili ubaki palepale, usiku na mchana, wakati yeye hulipata joto lake kutoka nje na kulipoteza jua linapozama. Nzi, mbu, samaki, vyura, vinyonga, kobe na mamba wote wako upande wake. Kwa hiyo ukiiweka chupa nyuma ya friji umebadilisha joto la kila seli iliyo ndani ya kila nzi. Ukimhamisha panya kutoka stoo hadi jikoni, seli zake hazitajua sana kwamba amehama.

Ndani ya seli hizo kazi hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha shughuli za mwili, na kazi ya vimeng'enya ni kemia. Kanuni ya jumla, ambayo ina tofauti zake, ni kwamba joto likiongezeka kwa nyuzi 10 shughuli za mwili huenda mbio mara mbili au tatu zaidi, mradi hatujafika kwenye joto la kuharibu. Nzi wa matunda, ambao ndio hao wenu wa ndizi, huonyesha kanuni hii waziwazi. Katika nyuzi 25, yai huwa nzi kamili baada ya siku 10 hivi. Katika nyuzi 18 safari hiyohiyo huchukua karibu siku 20. Ukuaji wake, mapigo ya mabawa, uyeyushaji wa chakula na upevukaji wa mayai, vyote huongeza kasi pamoja. Ni jambo la kawaida basi mtu kujiuliza kama kufa nako kumo katika msafara huohuo.

Swali hilo liliulizwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jacques Loeb na John Northrop, waliofanya kazi New York, waliwafuga nzi wa matunda katika viwango mbalimbali vya joto na kuchapisha matokeo yao mwaka 1916 na 1917. Walichukua tahadhari ambayo ningependa wanafunzi wako waijue: waliwalea nzi wao katika chakula kisicho na vijidudu, ili mtu asije akasema kwamba wale wa joto walikufa kwa sababu chakula chao kiliharibika upesi. Hata hivyo maisha yalifupika kwa kila nyuzi zilizoongezwa, na kwa uwiano unaokaribia ule wa mmenyuko wa kemikali. Raymond Pearl alilikuza wazo hilo na mwaka 1928 akalieneza kwa nadharia kwamba kila kiumbe huzaliwa na akiba yake ya uhai. Anayeitumia haraka huondoka mapema, anayeitumia polepole hukawia. Ni kama kibatari: ukipandisha utambi mwanga unaongezeka na mafuta yanaisha.

Nadharia hiyo inavutia, na kwa muda mrefu ilifundishwa kana kwamba imefunga mjadala. Mimi siikubali kwa ukamilifu wake, na sababu zangu ni mbili.

Ya kwanza ni jaribio la kuwahamisha nzi. John Maynard Smith wa Uingereza, pamoja na mwenzake Jean Clarke, walichukua aina nyingine ya nzi wa jamii hii, wakawaweka kwenye joto kwa sehemu ya maisha yao, kisha wakawapeleka kwenye ubaridi. Kama kibatari ndicho mfano sahihi, nzi waliokwisha kuteketeza nusu ya mafuta yao wangebaki na nusu tu. Lakini nzi hao waliohamishwa waliishi muda uliobaki karibu sawa na wenzao ambao hawakuwahi kuonja lile joto. Katika maelezo waliyoyatoa mwaka 1961 walipendekeza kwamba mwili huchakaa kwa mwendo usiotegemea sana joto, na kwamba joto huamua ni kiasi gani cha uchakavu mwili unaweza kustahimili kabla haujaanguka: mahali penye joto, mwili wenye mahitaji mengi huanguka ukiwa na uchakavu mdogo, na mahali pa baridi, mwili usiodai mengi huendelea kujikokota. Majaribio ya baadaye kwa aina nyingine za nzi hayakutoa jibu hilohilo, na wapo waliokuta kwamba uchakavu wenyewe pia huenda kasi kwenye joto. Ninachokichukua hapo ni onyo: kufa upesi na kuzeeka upesi si lazima viwe kitu kimoja.

Sababu ya pili imetoka kwa mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita moja. Huyu naye huishi zaidi akiwekwa kwenye ubaridi, na ilidhaniwa kwamba ni kemia tu imepunguza mwendo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba mnyoo huyo ana mlango mdogo katika utando wa seli zake unaofunguka anapohisi baridi, ukaingiza kalsiamu na kuamsha jeni za kulinda mwili. Minyoo iliyoondolewa mlango huo ilipoteza sehemu ya ile nyongeza ya maisha, ingawa ilikaa katika ubaridi uleule. Kabla ya hapo, mwaka 2009, watafiti wengine waliziharibu seli za neva ambazo mnyoo huzitumia kuhisi joto, na minyoo iliyokuwa mahali penye joto ikaishi muda mfupi zaidi, kana kwamba neva hizo zilikuwa zikiukinga mwili dhidi ya ukali wa joto. Joto basi linamfikia mnyama kwa njia mbili: kwanza kama mwendo wa kemia, kisha kama habari ambayo mwili unaisoma na kuijibu. Hiyo njia ya pili Pearl hakuiona, na hatuwezi kumlaumu.

Sasa turudi kwenye chupa zilizojaa. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba nyuma ya friji kizazi kimoja huchukua siku 14, yaani kutoka yai hadi binti anayetaga, na kule stoo siku 35. Tuipendelee stoo kabisa: tuseme kila nzi jike wa jikoni huacha mabinti 20 na kila wa stoo huacha 40, kwa kuwa anaishi zaidi. Baada ya siku 70 jikoni pamepita vizazi vitano na stoo viwili. Jikoni, 20 mara 20 mara 20 mara 20 mara 20 ni wazao 3,200,000. Stoo, 40 mara 40 ni 1,600. Chupa ya jamu haiwezi kubeba mamilioni hayo, bila shaka, na chakula kingeisha mapema sana, lakini mnaona jinsi anayezaa mapema anavyomwacha nyuma anayeishi sana. Ndizi iliyoanguka chini ya mgomba haidumu. Nzi anayeijaza mayai leo ana faida ambayo aliyepewa mwezi mmoja zaidi wa kuishi hawezi kuifidia.

Wanafunzi wenye macho makali wanaweza kuona jambo jingine wakilinganisha watoto wa chupa hizi mbili kwa kioo cha kukuzia: waliokulia stoo watakuwa wakubwa kidogo. Hii ni kawaida ya wanyama wengi wa aina hii. Baridi huchelewesha ukuaji, lakini anayechelewa hukomaa akiwa na mwili mkubwa zaidi. Kwa nini iwe hivyo bado panabishaniwa, na sitawachosha nayo.

Kufikia hapa mtu anaweza kugeuza hitimisho la mwanafunzi wako wa kwanza na kusema kwamba joto ndilo zuri. Nalo si kweli, kwa sababu ya umbo la ule mchoro unaoonyesha utendaji wa mnyama kwa kila kiwango cha joto. Ukianzia kwenye baridi, mstari unapanda taratibu, kama anayepanda Ngong kutoka upande wa Karen, unafika kileleni, halafu unashuka ghafla, kama ukuta wa Bonde la Ufa upande wa pili. Kushuka huko hutokana na protini kuanza kupoteza umbo lake, utando wa seli kulegea kupita kiasi, na mahitaji ya oksijeni kuzidi uwezo wa mwili kuileta. Mwili una askari wake wa zamu: ni protini maalumu zinazozikamata nyingine zisijikunje vibaya. Dalili yao ya kwanza ilionwa na Ferruccio Ritossa, Mwitaliano, katika seli za hawa hawa nzi wa matunda, naye akaitangaza mwaka 1962, baada ya mtu kupandisha joto la kabati lake la kulelea nzi bila kumwambia. Mimi pia nimewahi kuharibiwa kazi kwa njia hiyo, ila sikugundua chochote.

Kilele cha mchoro hakiko mahali pamoja kwa kila jambo. Joto linalompa nzi maisha marefu zaidi liko chini. Linalompa mayai mengi liko juu yake. Linalozidisha idadi ya nzi kwa kasi liko juu zaidi kidogo. Na hapo tayari umekaribia ukingo wa bonde. Nzi dume wa matunda akilelewa katika nyuzi 30 au 31 hivi huweza kukomaa, kuruka na kuchumbia jike kwa bidii zote, asiwe na mbegu zinazofaa. Yu hai, lakini ufaafu wake ni sufuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu spishi 43 za jamii ya nzi hawa ulikuta kwamba kiwango cha joto kinachowanyima madume uzazi hueleza mahali zinapopatikana porini vizuri kuliko kiwango kinachoziua. Mtu anayepima madhara ya joto kwa kuhesabu maiti anachelewa kuliona tatizo.

Kila spishi, tena, ina mchoro wake. Wapo samaki wa bahari ya Antaktika wanaokufa maji yakifika nyuzi 6 tu, joto ambalo kwetu ni la ndani ya friji. Na safari ya saa mbili au tatu kutoka Nairobi, kwenye chemchemi za Ziwa Magadi, yupo yule tilapia mdogo, Alcolapia grahami, anayekula na kuzaa katika maji ya magadi makali, mahali pengine yenye joto linalopita nyuzi 40. Uchungu wa maji hayo haumruhusu kutoa taka ya mwili kama amonia, kama wafanyavyo samaki wengi, kwa hiyo huitoa kama urea. Mwili wake hutumia nishati kwa kiwango ambacho ni samaki wachache wanaokifikia. Ukimweka tilapia wa kawaida wa vidimbwi katika maji hayo hafiki jioni. Swali la "joto au baridi, kipi kizuri?" haliwezi kujibiwa kabla hujamtaja mnyama na kabla hujataja anachopimiwa.

Mfano unaotugusa zaidi hapa Nairobi ni wa mbu, na nitakaa nao kidogo kwa sababu ndio mahali ambapo uzee wa mnyama wa damu baridi unakuwa suala la afya yetu. Mbu mchanga hana malaria. Huipata anapomuuma mtu mwenye vimelea, kisha vimelea hivyo huhitaji muda wa kukua ndani yake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Kwa hiyo mbu wa kuogopwa ni mbu mzee. Kimelea chenyewe hukua kwa joto la mwili wa mbu, ambalo ni joto la mahali. Kwa kanuni ya zamani ambayo bado inatumika, kimelea hatari zaidi, Plasmodium falciparum, hakikui chini ya nyuzi 16, na juu ya hapo kinahitaji jumla ya 111 unapozidisha siku kwa nyuzi zilizozidi 16. Fanyeni hesabu ubaoni: katika nyuzi 25, 111 kwa 9 ni siku 12 na kidogo, katika nyuzi 20, 111 kwa 4 ni karibu siku 28, katika nyuzi 18 ni zaidi ya siku 55.

Jiji letu limekaa kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na katika Julai wastani wa joto la nje hukaribia nyuzi 16 au 17. Mbu wa baridi huishi siku nyingi kuliko ndugu yake wa Kisumu, lakini hata hizo nyingi hazimtoshi, kwa kuwa mbu wengi hawafiki mwezi mmoja na kimelea kimepunguza mwendo kuliko mbu mwenyewe. Panapokuwa na joto zaidi, maisha ya mbu hufupika, ila kimelea huharakisha zaidi ya anavyoharakisha yeye, na uambukizaji hupanda. Halafu hufika mahali mbu hufa mapema mno. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 na Erin Mordecai na wenzake uliweka kilele cha uambukizaji kwenye nyuzi 25 hivi na kuonyesha kwamba hushuka kwa kasi baada ya nyuzi 28. Kabla ya hapo makadirio mengi yalikiweka kilele hicho kwenye nyuzi 31. Maana yake ni kwamba ongezeko dogo la joto ni habari mbaya kwa nyanda za juu kama zetu, na huenda likapunguza uambukizaji mahali ambapo tayari pana joto kali. (Joto la ndani ya nyumba, ambamo mbu wengi hulala, huwa juu ya lile la nje, kwa hiyo msichukue takwimu za hali ya hewa na kuziamini kwa wepesi.)

Umeuliza kwa nini mijusi huota jua ikiwa jua linawafupishia siku. Kwa sababu mjusi aliyepoa hawezi kuyeyusha mdudu aliyemmeza, hawezi kumtoroka kipanga, na mayai tumboni mwa jike hayapevuki. Siku hizo za ziada angezipata wapi ikiwa ameliwa asubuhi? Tena joto ni dawa yake. Mwaka 1975 Matthew Kluger na wenzake walionyesha kwamba mijusi wa jangwani walioambukizwa bakteria na kuwekwa mahali penye joto zaidi walipona kwa wingi, wakati wale waliowekwa kwenye ubaridi wengi walikufa. Na mijusi hao, wakiachiwa wachague wenyewe wanapougua, huenda penye joto. Yule kinyonga wetu mwenye pembe tatu, anayeonekana kwenye nyua za nyanda za juu, ameipeleka mbinu hii mbali: hatagi mayai kwenye udongo baridi, bali huyabeba tumboni na kuyaotesha jua pamoja naye hadi azae vitoto vilivyo hai. Usiku unapoingia hupoa, na mwili wake hupunguza matumizi. Mnyama huyu basi hakai kwenye joto moja. Hulinunua anapolihitaji na kuliacha anapolala.

Kuhusu kobe, mwanafunzi wako wa pili amesema kweli, ila ushahidi wake hauvunji hoja ya mwenzake. Ile kanuni ya joto na maisha husimama unapolinganisha wanyama wa spishi moja. Kome wa lulu wa mito ya Ulaya hufika umri mkubwa zaidi kaskazini kwenye baridi kuliko kusini, naye ni yuleyule. Yupo pia samaki mdogo wa vidimbwi vya msimu vya Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, ambaye aina zake nyingine huzeeka na kufa ndani ya miezi michache kwa sababu kidimbwi hukauka. Maabarani, kushusha maji kutoka nyuzi 25 hadi 22 kuliongeza maisha yake. Lakini ukivuka kutoka spishi moja hadi nyingine, joto linakuwa jambo moja kati ya mengi. Kobe amevaa nyumba. Anayekomaa na kuingia kwenye gamba lile hauawi kwa urahisi, na mnyama asiyeuawa mapema hupata faida ya kuwa na mwili unaojitengeneza kwa muda mrefu, kwa kuwa atakuwepo kuutumia. Mwaka 2022 kundi kubwa la watafiti lililinganisha spishi 77 za reptilia na amfibia wa porini na kukuta kwamba kutegemea joto la nje peke yake hakumhakikishii mnyama uzee wa polepole. Wenye gamba gumu kama la kobe au sumu ya kujikinga ndio waliotangulia. Kuhusu joto, kwa reptilia waliona uzee ukienda kasi zaidi kwenye nchi zenye joto, na kwa amfibia wakaona kinyume chake. Hilo la amfibia mimi mwenyewe bado linanisumbua.

Mwisho, jaribio lenu. Kabla ya kuandika ripoti, hakikisheni kwamba wa jikoni walikufa kwa uzee na si kwa kiu: hewa ya nyuma ya friji ni kavu, na chakula cha chupa ya jamu hukauka ukingoni kwanza. Wekeni kipande cha sponji chenye maji katika chupa zote mbili. Kipimajoto kisisomwe mara moja tu saa sita mchana. Stoo ya Julai inaweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14 alfajiri, na kwa mchoro usio na ulinganifu kama ule niliousimulia, wastani wa 17 uliotoka kwenye 13 na 21 haufanani na 17 iliyotulia.

Muhula ujao ongezeni chupa ya tatu. Nzi wake waanzie jikoni, na siku ya 20 wahamisheni stoo. Mkihesabu siku wanazoishi baada ya hapo mtajua kama walihama na uzee wao au waliuacha nyuma ya friji. Na kama mnataka kuuona uzee wenyewe bila kungoja kifo, gongeni chupa taratibu juu ya meza ili nzi waanguke chini, kisha hesabuni ni wangapi wamepanda na kuuvuka mstari mliouchora katikati ya chupa baada ya sekunde 10. Nzi mchanga hupanda mara moja, mzee huanza, akateleza, akaanza tena. Ila chupa zote zikae kwanza saa moja kwenye meza ileile ya darasani, kwa joto lilelile, kabla hamjagonga. Vinginevyo mtakuwa mmepima ubaridi wa stoo katika miguu ya nzi na kuuita uzee.